Bati la Nyumbani Kwetu

Baba yangu hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na Alhamdu. Alipotaka kujua kama bati aliloletewa ni safi, alikata kipande kadiri ya tende, akakitia kwenye upawa wa chuma, akauweka juu ya makaa na kuanza kusoma. Bati safi lilikaa kaidi mpaka mwisho wa Alhamdu ya tatu, kisha likalegea lote kwa pamoja likawa maji. Lililochanganywa halikufika hata ya pili. Tena halikuyeyuka kwa adabu: liligeuka uji kwanza, nusu gumu nusu maji, likajivutavuta. Baba akasema, "Hili lina mwenzake ndani," na kumrudishia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutia bati sufuria za shaba, kazi aliyokuja nayo babu kutoka Kachi, ng'ambo ya bahari. Kibanda chake kilikuwa katika kichochoro kimoja nyuma ya Ngome ya Yesu. Shaba tupu huharibu chakula, kwa hiyo sufuria hupakwa bati kwa ndani, na kila Shaabani nyumba za mtaa zilileta zao ziwe nyeupe kabla ya Ramadhani. Baba alivua viatu, akaingia ndani ya sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, akashika ukuta na kunyonga kiuno kulia na kushoto mpaka shaba ing'are. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka mitatu. Alisimama pembeni akamwiga, naye Baba, mtu mkali ambaye mimi sikuthubutu kumcheka, alizidisha kiuno kwa ajili yake.

Vita vilipofika nchi za mbali lilikotoka bati, bati likaadimika mjini. Wenzake Baba walianza kulichanganya na risasi, ile madini nzito ya bei rahisi. Baba alikataa. Alibakiwa na donge moja safi, akalifungia sandukuni kwa ajili ya sufuria za watu, akilitumia kwa kulionea huruma. Mama akamwambia sufuria za nyumbani zimekwaruzika mpaka shaba inachungulia. Basi Baba akanunua chubwi kuukuu za wavuvi, zile risasi za kuzamishia mishipi, akaziyeyusha pamoja na makombo ya bati.

"Kuwatilia watu hili ni wizi," alimwambia Mama. "Kujitilia mwenyewe ni dhiki tu. Nawe tizama lishikavyo upesi, hata makaa halili."

Alianza na kisufuria cha uji wa mdogo wangu. Nilikuwapo. Alhamdu ya kwanza ilikuwa haijesha, uji wa kijivu ukaanza kutambaa ndani ya upawa. Baba akaumimina kisufuriani na kuusambaza kwa pamba, ndani kukametameta, naye mdogo wangu akaangalia uso wake mle ndani akacheka.

Alipenda uji wa mchele uliokamuliwa ndimu nyingi, mkali wa kukunja uso. Mama alipika asubuhi, na uliobaki ukashinda mle mle kisufuriani mpaka jioni. Mimi sikuupenda. Nilikunywa chai na mkate nikaenda skuli Tononoka. Sina siri nyingine ya kuwa hai.

Ilianza kwa tumbo. "Yuwalia tumbo tena," Mama alisema kila nirudipo. Mtoto akapauka, akawa hataki kucheza, akaanguka anguka. Hospitali walimpa dawa ya minyoo. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamwandikia kombe kwa zafarani, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa. Alipokataa chakula chote, Mama alimbembeleza kwa uji wake wa ndimu, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokubali. Kisha yakaja matukutiko ya mwili, na watu wakasema ni degedege. Alikufa siku ya Jumatano kabla ya adhuhuri. Baba alimbeba mikononi mpaka makaburini, na kila aliyenyoosha mikono ampokee, Baba alimpita.

Miaka ilipita, vita vikaisha, nikawa kijana wa sekondari. Mwalimu wetu wa kemia alitia chembe nyeupe kwenye kijibomba cha kioo, akakifunga na kipimajoto, akakipasha moto polepole. Chembe zile zikayeyuka zote pale pale, kwenye alama moja. Kisha akachanganya na kitu kingine kidogo. Safari hii zilianza kulainika mapema na zikachelewa kumaliza.

"Kila kitu kilicho safi kina joto lake la kuyeyuka na joto lake la kuchemka," alisema. "Hayo ndiyo mashahidi wake. Kikiyeyuka mapema na kwa kusitasita, jua kuna kingine ndani. Mkemia asiyeuliza ni kipi atakuja kumdhuru mtu."

Nikacheka, kwa fahari. Nikamwambia mwalimu kwamba Baba hulijua hilo kwa Alhamdu, na nikasimulia habari ya bati na risasi. Mwalimu aliniangalia.

"Ni kweli, mchanganyiko huo huyeyuka mapema kuliko bati na kuliko risasi. Wafua bati huutumia kulehemu. Lakini si kwa sufuria. Chakula kikali, cha ndimu au siki, huila risasi ikaingia mwilini. Mtoto mdogo hahitaji nyingi kumuua."

Sikumbuki somo lililobaki. Nakumbuka nilikwenda nyumbani kwa miguu, na nilimchukia Baba mpaka nilipofika kichochoroni.

Sufuria nyingine za nyumbani zilikuwa zimekwisha tiwa bati jipya, lakini kisufuria kilikuwa jikoni bado vile vile. Mama alikihifadhi kwa ukumbusho, na siku zile alikuwa ameanza kukitumia kwa mtoto wa dadangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kututembelea. Nikakichukua nikaenda nacho kibandani. Bati safi lilikuwa limerudi mjini, na Baba alikuwa akimwambia mteja, "Hata siku za vita sikumtilia mtu chubwi. Muulize yeyote. Nyumbani kwangu tu."

Mteja alipoondoka nikasema, "Baba, hiki kitie bati jipya."

"Mbona hakijachakaa?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimtazama mikono, ile aliyombebea mdogo wangu. Nikasema, "Mama ataka kiwe cheupe."

Akakiweka juu ya makaa kulifuta lile la zamani. Hakuwa amefika nusu ya Alhamdu likaanza kutiririka.

"Wewe walikumbuka bati hili?" akaniuliza. "Nilimtilia mdogo wako kwa mkono wangu. Alivyofurahi, maskini."

"Nalikumbuka, Baba."

Akalifuta lote, akasugua, akatia bati safi mara mbili, tena hilo la pili hakuombwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisema mwanawe alichukuliwa na degedege, nami kila mara nilimwitikia.