Nilivyolichua Trekta

Juzi nilipita Rutamba nikaona trekta likifika mwisho wa shamba, likainua plau lake kama bibi harusi anayenyanyua nguo avuke dimbwi. Nikacheka peke yangu barabarani.

Enzi za kijiji cha ujamaa, trekta letu kuukuu liligoma kuinua plau. Plau limezama udongoni, trekta limekwama. Kesho yake lilitakiwa kijiji cha jirani, na mawingu yalishatanda. Likiondoka bila kulima, mama zetu watalilima shamba lote kwa jembe la mkono.

Dereva wetu, Mzee Salumu, aliongeza mafuta ya haidroliki, akakaza hiki na kile, ananuka dizeli na jasho. Mimi nikaitazama ile mikono ya nyuma inayobeba plau, nikaona magoti ya bibi yangu kabisa. Ya bibi yakikaza, tunayachua kwa mafuta ya ufuta. Nikakimbilia nyumbani, nikaleta kichupa, nikaanza kuchua.

"We mtoto, unafanya nini huko?" Mzee Salumu akaniuliza.

"Namchua, babu. Amekaza."

Wanawake waliokuwa wakitazama wakaangua kicheko.

"Haya, mganga, umemaliza. Sogea huko!" Mzee Salumu akavuta wenzo wa kuinulia plau. Plau likapanda, udongo unadondoka. Vigelegele!

Sasa najua dawa ilikuwa yale mafuta aliyoongeza yeye. Siku ile ungeniambia hivyo, ningekutukana. Shamba lote lililimwa mimi nikiwa juu ya madigadi, nanukia ufuta, namwelekeza Mzee Salumu pa kukata kona.