Flani Niliyoipeleka Wamaza

Hiki ninachowasimulia sijamwambia hata mama yangu mzazi, na bwana yangu anajua nusu tu (mwanzo nilimwambia kwa simu, mengine aliyasikia kwa watu, nao wameshayaongezea chumvi), kwa sababu mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka, nashika kitu chochote kilicho karibu na kujifanya nakipanguza vumbi. Lakini acheni niseme, mcheke, yaishe.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Salamabila nilimfuata bwana, naye bwana aliifuata dhahabu, kwa hiyo yeye yuko huko mashimoni, anashuka nyumbani anapotaka, na mimi niko na duka. Si duka kubwa: sabuni, chumvi, betri, sukari. Watu wanaingia kutwa nzima, wananiita Madame, wananisalimia vizuri, wananunua, wanakwenda. Ukinisikiliza utadhani nina marafiki wengi, kumbe maneno yenyewe ni yale yale, karibu, iko, haiko, jaribu kesho. Mtu wa kuketi alikuwa mmoja tu, Mama Riziki, jirani yangu, aliyekuwa akija saa za jua kali, anavuta kreti ya bia nyuma ya meza yangu, anachambua karanga zake na kunipa habari za wifi zake mpaka mbavu zinauma. Halafu tumbo lake likawa kubwa, bwana yake akampeleka Wamaza kwa wazazi wake yeye bwana, akazalie huko, na nyuma ya meza pakawa kimya.

Basi siku hiyo nilikuwa kwenye mashini ya kusaga, nangoja unga wangu wa muhogo, mashini inanguruma mpaka meno yanatetemeka, mara motari mmoja, wale wa pikipiki za abiria, anayefanya njia ya Wamaza akapunguza mwendo pale barabarani, akanipungia mkono na kupaza sauti, "Madame! Rafiki yako Mama Riziki amepata..." halafu mashini ikameza neno, nikasikia tena mwisho wake, "...watu wamejaa kule kwao, wanakuuliza!" Akaongeza gia, akaenda zake.

Amepata. Sasa niambieni nyinyi, mwanamke mwenye tumbo kubwa vile amepata nini kama si mtoto? Kosa langu lote lilikuwa hapo, sikumkimbilia kumwuliza. Ningepiga hatua chache tu na kelele moja. Lakini lile neno la mwisho, wanakuuliza, lilikuwa limeshanilewesha (zilikuwa siku nyingi hakuna mtu wa kuniuliza mimi, watu wanauliza bei), nikaacha unga wangu pale pale na kurudi dukani mbio mbio kama msichana.

Dukani nilikuwa na sasheti za unga wa flani, ile krimu unayoipika na maziwa halafu inaganda na kutetemeka. Nilikuwa nimeziagiza Bukavu nikifikiri watu wa dhahabu watapenda vitamu, na hakuna aliyenunua hata moja, walizigeuza geuza, mmoja akaniuliza kama ni dawa ya minyoo. Nikasema leo ndiyo leo. Keki ya kweli inataka mayai, inataka makaa juu na makaa chini, inataka subira, na mimi nilikuwa na vya kwenye rafu na haraka yangu. Nikaponda bisikuti ndani ya mfuko kwa chupa, nikazichanganya na majarini niliyoyeyusha, nikashindilia chini ya sufuria pana. Nikapika maziwa ya unga na ule unga wa flani, rangi ya waridi, harufu ya matunda ya Ulaya, nikamwaga juu. Nikamalizia na mkebe mzima wa maziwa mazito ya sukari, maana nilitaka mtu akilamba ajue kwamba nimefurahi. Sasheti ilisema sasa iwekwe ndani ya frigo ipate baridi. Frigo! (Ninayemjua mimi mwenye frigo ni mwuza bia, na bia zake hazimwachii mtu nafasi.) Nikaiweka ndani ya beseni ya maji, nikaipepea kwa karatasi ya katoni, na ilipoanza kujishikashika nikachukua bombo nyekundu, zile pipi za kunyonya, nikapanga juu yake herufi: KARIBU BEBE.

Ilikuwa nzuri. Hilo nalisema hata leo. Nikavaa kitenge changu cha njano cha sikukuu, nikapaka midomo rangi, nikafunga duka, nikatafuta pikipiki.

Njia ya Wamaza ni mashimo, na katikati ya mashimo ni matope. Nilikaa nyuma, sufuria mapajani, nimeikumbatia kama ndiyo bebe mwenyewe, jua kichwani, kila shimo ninasikia kitu kinasema pwa chini ya mfuniko. Motari (huyu hakuwa yule wa mashini, huyu hakujua lolote) akageuza kichwa kidogo. "Madame, mule iko nini?"

"Iko furaha," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Tulipofika, kweli watu walikuwa wamejaa. Turubai imefungwa uani, wanaume wako kwenye viti, wamama wamekaa chini kwenye mikeka, wanaimba wimbo wa kanisa pole pole. Nikafikiri, hawa watu wanashukuru kwa heshima, si kama sisi wa Bukavu wenye makelele. Nikamwacha motari aende zake, nikasogea mpaka mbele ya turubai, nikafunua mfuniko, nikainua sufuria juu kwa mikono miwili, nikapiga vigelegele.

Vilikuwa virefu. Vilikata wimbo katikati. Na hakuna hata mtu mmoja aliyeitikia, jamani, vigelegele visivyoitikiwa ni kitu kibaya sana, vinabaki hewani na wewe unabaki chini yake umesimama na mikono juu.

Akainuka mama mmoja mrefu, kitambaa kimekazwa kiunoni (baadaye nilijua ndiye wifi mkubwa wa Mama Riziki), akanijia.

"Mama, weye unatoka wapi?"

"Salamabila. Mimi ni rafiki ya Mama Riziki. Nimeleta kitu ya bebe."

"Bebe gani?"

"Bebe... aliyezaliwa."

Akaniangalia mimi, akaiangalia sufuria, nikaona midomo yake inasoma zile herufi. "Hapa hapajazaliwa mutoto, mama," akasema, na alisema bila hasira, hiyo ndiyo iliyoniua. "Huku iko matanga. Baba yetu amekufa jana."

Amepata msiba. Ndilo neno ambalo mashini ililimeza.

Nikageuka kumtafuta motari, nikaona vumbi. Kutoka Wamaza kwa miguu na kitenge cha njano ningefika wapi? Yule wifi akanionyesha nafasi kwenye mkeka, akasema, "Kaa." Nikavua kilemba, nikafunika sufuria (mfuniko sikujua hata nimeutupia wapi), nikaiingiza chini ya upande wa kitenge ili watu wasiione, nikakaa nayo mapajani, kichwa kitupu, midomo myekundu, katikati ya wamama waliovaa nguo za huzuni. Mzee mmoja akaanza kuomba, na ombi lake lilikuwa refu, alianza na Adamu. Alipofika kwa Nuhu nikasikia kitu cha vuguvugu kinanishukia mapajani. Flani ilikuwa imeshindwa na jua na mashimo, imekuwa uji, zile bombo zimeyeyuka ndani yake, na sufuria imeinama, uji unapita ukingoni. Sikutikisika. Nikasema moyoni, acha ishuke, mradi ishuke kimya.

"Yesu wangu!" mama wa pembeni yangu akapiga kelele. "Huyu mama anatoka damu!"

Nikatazama chini. Kitenge cha njano kilikuwa chekundu mpaka kwenye magoti, na mkeka nao.

Ombi likakatika. Wanaume wakasimama, wakageuza nyuso. Wamama wakanikamata mabega na miguu, sufuria ikaanguka kifudifudi huko nyuma, wakanibeba kuniingiza nyumbani, na mimi napiga kelele, "Si damu! Ni flani! Ni flani!"

"Fulani gani?" mmoja akauliza, amekasirika kwa ajili yangu. "Nani amekufanya hivi? Mutaje jina!"

Wakanilaza kitandani. Mama mmoja mzee akaniwekea mkono kwenye tumbo, mkono wa joto, akaniuliza kwa upole, "Mimba yako iko ya miezi ngapi, mwanangu?"

"Sina mimba, mama."

"Umeipoteza?"

"Sijawahi kuipata."

Walikuwa hawanijui, na sasa walinijua kuliko watu wote wa Salamabila. Ule mkono ulikaa pale tumboni kidogo zaidi, na nitawaambia ukweli, sikutaka uondoke.

Ndipo Mama Riziki akaingia, tumbo lake mbele, macho yamevimba. Akainama, akagusa kitenge changu kwa kidole, akakiweka ulimini.

"Hii ni sukari," akasema. Halafu akaniangalia. "Ni weye ulipiga vile vigelegele?"

"Ni mimi."

Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikaona hapa ndipo wokovu wangu, anacheka, nikacheka naye. Nikacheka kwa sauti. Aliposhusha kanga machozi yalikuwa yanateremka. "Baba mukwe alikuwa anamungojea huyu mutoto," akasema. "Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, bado?" Akanishika mkono, akaukaza, kisha wakamwita kwa mama mjane, akaenda.

Hakuna aliyenigombeza. Yule wifi alinipa kitenge chake cheusi, nikaenda kufua mkeka wao, kisha nikaosha sufuria za matanga zote nilizoziona ili nisiinue macho. Uani kuku walikuwa wanashindania bisikuti. Wamama waliokuwa wanamenya muhogo karibu nami walisema lugha yao, Kibangubangu, sikuelewa kitu, isipokuwa katikati ya maneno nikasikia "flani", na baada yake kicheko kidogo kilichobanwa kwa mkono. Tulimzika marehemu kesho yake. Nilisimama nyuma.

Nikarudi Salamabila na kitenge cha mtu, nikafungua duka, nikakaa. Nilitaka sana kumwambia mtu. Nikampigia bwana yangu, nilipofika kwenye vigelegele mtandao ukakata, naye hakupiga tena. Akaingia mteja, nikafungua mdomo, akasema, "Sabuni, Madame," nikampa sabuni. Kuaibika mbele ya watu wote wale nilikuwa nimevumilia, lakini kurudi na aibu yenyewe nzima nzima, isiyochekwa na mtu wa kwako, hiyo ilinilaza macho wazi.

Mama Riziki alizaa mvulana, wakampa jina la babu yake, na wamebaki Wamaza, maana mama mjane hawezi kuachwa peke yake. Hadithi ilinifuata kwa pikipiki, na sasa hapa wengine wananiita Mama Flani. Naitika.

Nimeapa: flani sipiki tena, na vigelegele sianzi mimi. Nikisikia watu wamekusanyika mahali, nabeba sukari na sabuni, maana hivyo viwili vinafaa kwa aliyezaliwa na kwa aliyekufa, nafika, nakaa chini kimya na mfuko wangu, nangoja mtu aje aniambie kama ni uzazi au ni matanga.