Mashua ya Kuwinda Nyangumi

Tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili tulimpoteza kaka yangu mkubwa katika mto Lualaba, kati ya Mulongo na Bukama, pamoja na mizigo yake ya samaki wakavu. Mwili haukupatikana.

Aliyepiga simu alisema balenyeri imezama. Mimi neno hilo nililijua. Kila anayesafiri kule analijua, ni mashua ndefu ya mbao yenye injini. Mama hakulijua. Kaka alikuwa anamwambia tu kwamba anapanda bato, yaani meli, na yeye aliwazia chombo cha chuma.

Wiki ya matanga iliisha. Shangazi alileta wembe atunyoe ili tutoke kilioni. Mama akakataa. Alisema hanyolewi kwa ajili ya mtu ambaye hajamwona amekufa. Akabaki kwenye mkeka uani, na sisi wote tukabaki.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu. Kwetu mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso, kwa hiyo niliketi katikati yao.

"Uulize mulamu yako," mama aliniambia, "balenyeri njo nini."

Shemeji alitazama ukuta. "Umwambie mama, iko jina ya bazungu ba zamani. Balikuwa nayo mu bahari, ya kuwinda nyangumi, samaki mukubwa kupita vago ya treni. Meli inabaki mbali, bantu banashuka mu kamashua kadogo, banamufuata na mikuki. Kisha jina ikakuja huku."

Nikarudia yote.

"Mama anasikia, haiko kiziwi," shangazi alimwambia shemeji. Hakuna aliyecheka.

"Na yule samaki akibavuta chini?" mama aliuliza.

"Banakufa."

"Banapatikanaka?"

"Mara mingi hapana, mama." Shemeji alimjibu mwenyewe, na mimi sikurudia.

"Na bamama yabo?"

"Ile sikuisoma, mama."

Sijui mama alifikiri nini. Mimi sikuhisi kitu. Nilikuwa natazama kuku wakidonoa makombo ya bukari, ugali wetu. Kisha mama akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya goti.

Shangazi alimlowesha nywele kwa maji ya beseni, akaanza kumnyoa nyuma ya sikio. Alipomaliza, akaninyoa mimi.