Mashudu ya Ihanja na Kompyuta Iliyokataa Amri

Mimi sikuwa mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeuza chumvi kwa kijiko na mafuta ya taa kwa chupa ya soda. Nimelala juu ya marobota ya mitumba kwenye behewa la mizigo, nikashuka Manyoni nikiwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Serikali ilipoacha kununua mazao peke yake na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachoweza, wenzangu waliosoma walikaa nyumbani wakisubiri barua za kazi. Mimi wa darasa la saba, tena nililomaliza kwa kusukumwa, nilikuwa tayari na baiskeli mbili na watu wa kuziendesha. Nilizaliwa Issuna kwenye nyumba ya tembe, na leo nina mashine mbili za kukamua alizeti, moja Singida mjini na nyingine Ihanja, pale barabarani kabisa. Hakuna aliyenishika mkono. Basi mtu wa namna hiyo umshangaze na nini?

Nilishangazwa na kompyuta ya Ihanja, siku iliponikatalia amri ndani ya jengo langu mwenyewe.

Niseme kwanza zilikotoka hizo kompyuta. Mdogo wangu ana binti aliyesoma mambo hayo Dar es Salaam, na kwa kuwa ni mtoto wa mdogo wangu, ni mwanangu. Alikuja likizo, akakaa siku nzima mashineni anatazama makarani wanavyopima na kuandika, jioni akaniambia, "Baba mkubwa, nikutengenezee programu." Nikamwambia tengeneza. Sikuuliza ni mnyama gani. Mtu akiniambia kitu kitaniongezea kipato, mimi nauliza bei tu.

Akatengeneza, na kwa kweli ilifanya kazi vizuri. Mkulima analeta alizeti, karani anaandika uzito, kompyuta inatoa risiti: mafuta kiasi hiki, mashudu kiasi hiki. Kwa asiyejua, mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, na ng'ombe wanayapenda kupita kiasi. Kwangu mjini utaratibu ulikuwa mmoja toka mwanzo: hulipi hela ya kukamua, unaondoka na mafuta yako, mashudu unaniachia. Ndiyo malipo yangu. Programu nayo ikaandikwa hivyo.

Binti akanieleza kwamba programu ni maelekezo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, na kwamba ameiwekea mfumo wa kutunza matoleo yake. Nakala kuu ipo mjini, Ihanja wana nakala yao. Mtu akibadili mstari na kuuhifadhi, mfumo unakumbuka ni nani, lini, na mstari ulikuwaje kabla. Intaneti Ihanja haikuwepo, kwa hiyo toleo jipya lingekuwa linapelekwa kwa flash.

"Sasa mfumo unauliza jina la mtumiaji wa kila kompyuta," akasema. "Ihanja niandike nani?"

"Andika Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni wewe. Anayekaa kwenye ile mashine ni mama mdogo."

"Mashine ni ya nani?"

"Ni yako, baba mkubwa."

"Basi andika Mkurugenzi. Mjini pia."

Aliandika. Jina langu na cheo changu vimechorwa kwenye milango, kwenye mizani na kwenye ndoo, sikuona kwa nini kompyuta iwe tofauti.

Huyo aliyemwita mama mdogo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye karani wangu wa Ihanja. Amesoma mpaka kidato cha nne, na ana mdomo ambao haujawahi kupumzika. Binti alimfundisha kuendesha programu, na pia namna ya kufungua yale maandishi ya ndani na kubadili mstari mmoja mmoja, maana bei zilikuwa hazikai mahali pamoja na yeye hakutaka kuitwa kutoka Dar kila bei ikipanda.

Mwaka ninaousimulia mvua ziliwahi kukatika. Alizeti ilivumilia kama kawaida yake, lakini majani yalikauka mapema na mashudu yakawa na thamani ambayo sijawahi kuiona. Tajiri mmoja wa Arusha mwenye ng'ombe wa maziwa akanipigia simu, tukakubaliana: mashudu yote ya mashine zangu mbili, lori linakuja Jumamosi, na nusu ya fedha akanitumia siku ileile. Nilitembea mjini nikiwa mrefu kuliko minara ya simu. Binti alikuwa yupo likizo, nikamwambia arekebishe programu ili mashudu yote yaliyopo ghalani yahesabiwe moja kwa moja kuwa ya kuuzwa. Akarekebisha kwenye nakala kuu. Alhamisi tukapanda pikapu kwenda Ihanja kuweka toleo hilo na kupanga magunia.

Kompyuta ya Ihanja ilipowaka ilitupeleka nyuma miaka kadhaa. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila jenereta likizimwa saa yake inarudi mwanzo. Binti akasahihisha tarehe. Akachomeka flash, akaandika maneno yake, na kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kirefu.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inakataa. Inasema kuna mabadiliko yamefanywa hapahapa, mengine hayajahifadhiwa, na nikiingiza toleo la mjini yatafutika."

"Futa."

"Baba mkubwa, nitafuta nikishajua ninachofuta."

"Kumbe inakataa kwa amri yako, siyo yake."

"Yake na yangu," akasema, na wala hakugeuka kunitazama.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya gunia anachambua mchele wa chakula cha mchana, kimya. Ningekuwa na akili siku ile, kile kimya chake kingenishtua kabla ya kompyuta.

Binti akafungua kumbukumbu ili aone nani alianza kubadili. Akasoma, akarudia kusoma, akaanza kucheka taratibu. Mabadiliko ya kwanza yalifanywa na Mkurugenzi, tena mwaka ambao hiyo kompyuta nilikuwa bado sijainunua.

"Mimi sijawahi hata kuigusa," nikasema.

"Ndiyo hivyo imeandikwa, shemeji," akasema shemeji kutoka kwenye gunia. "Labda uliigusa usingizini. Dada anasema unaongea sana ukilala."

"Ni wewe."

"Ni Mkurugenzi. Hata mlangoni pameandikwa."

Nilimsihi aache utani, akaweka ungo chini. Akaeleza kwamba Ihanja siyo mjini. Mjini watu wanakamua wanarudi kwenye nyumba zisizo na ng'ombe, wanafurahi kuacha mashudu. Hapa watu wana ng'ombe. Majani yalipoanza kukauka walimwambia wazi: wewe tukulipe hela ya kukamua, mashudu yabaki yetu, tena tutunzie ghalani kwa sababu nyumbani panya wanamaliza. Usipotaka tunapeleka alizeti kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Akanipigia simu kuuliza.

"Ukasema, 'Fanya, fanya.' Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yako, nikakuuliza mara ya pili, ukasema, 'Nimesema fanya.'"

Siikumbuki simu hiyo. Lakini hayo ni maneno yangu, nayajua. Basi alifanya. Akaingia kwenye programu, akanakili mstari wa mafuta, akaubadili uwe wa mashudu ya mteja, ili risiti ioneshe magunia yapi ni ya nani na yapi ni ya mashine. Magunia yao akayafunga kwa kamba ya bluu. Siku za karibuni aliongeza mistari mingine, jenereta likazima kabla hajahifadhi, na hakurudia tena. Mjini hatukujua kitu, kwa sababu hakuna aliyeleta flash kutoka upande ule.

Nilikwenda ghalani kuangalia. Zaidi ya nusu ya magunia yalikuwa na kamba ya bluu. Hayo yote nilikuwa nimeyauza Arusha.

Nikiwa bado nimesimama pale akaingia uani mama mmoja na mkokoteni wa kuvutwa na maksai wawili, mbavu zao unazihesabu ukiwa mbali. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Nasikia kuna lori linakuja kuchukua mashudu."

Ihanja habari haihitaji flash. Nikamwambia lori lipo, tunaliangalia hilo jambo.

"Mnaliangalia wapi?"

Nikamwonyesha kompyuta kupitia mlangoni. Akachungulia.

"Mashudu yangu yamo kwenye hiyo?"

"Yameandikwa humo."

"Hawa maksai wangu hawasomi," akasema. "Wakifika kwenye mvua wakiwa wamesimama, nitalima. Wakilala kabla, nitalima kwa meno. Karani wako aliniambia yangu yapo."

"Yapo, bibi," shemeji akaitikia kutoka ndani. Halafu wakaongea Kinyaturu wao kwa wao, harakaharaka, na kwa kuwa ni lugha ya mama yangu niliyaelewa yote waliyosema juu yangu, nikajifanya sikusikia.

Nilirudi kwa binti. Alikuwa ameshanakili kila kitu cha Ihanja kwenye flash nyingine, akakiweka kando, ili hata jengo likiungua kibaki. Akafuta neno Mkurugenzi mahali pa mtumiaji, akaandika jina la shemeji, akahifadhi yale mabadiliko ambayo hayakuwa yamehifadhiwa. Ndipo akaingiza toleo la mjini. Safari hii kompyuta haikukataa. Mistari karibu yote ikajipanga yenyewe, ya mjini na ya Ihanja pamoja, isipokuwa mmoja. Hapo ikasimama.

Akaniita nione. Ilikuwa imeandika mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, imetenganisha kwa alama. Akanisomea. Wa juu ulisema: mashudu ya alizeti iliyolipiwa kukamua ni ya mteja. Wa chini, ule niliouagiza mimi, ulisema: mashudu yote yaliyopo ghalani ni ya kuuzwa.

"Yenyewe haiwezi kuchagua," akasema. "Mistari yote miwili imeandikwa sawasawa, haina kosa. Inasubiri mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye mashine, baba mkubwa."

Nje nilisikia maksai mmoja anakohoa. Nina hakika kama ningekuwa peke yangu mle ndani na ile kompyuta ikanitii nilipoiamuru kufuta, ningepakia lori Jumamosi nikijua kabisa kwamba ni mali yangu, na kompyuta ingenipa karatasi ya kuthibitisha. Kamba za bluu ningedhani shemeji kaishiwa kamba nyeupe. Mwaka uliofuata pasingekuwa na mtu wa kuleta hata debe moja Ihanja, na mimi ningelaumu wachawi.

"Futa wa chini," nikasema. "Acha wa juu."

"Wa kwako?"

"Wa kwangu."

Akafuta, akahifadhi. Shemeji akaja kutazama jina lake kwenye kioo, akaligusa kwa kidole chenye pumba za mchele. "Sasa nikiharibu nitajulikana," akasema, lakini niliona amefurahi. Halafu akatoka kumpakilia yule mama magunia yake, na mimi nikabeba moja. Mgongo unakumbuka mpaka leo.

Ninawashukuru wote wawili, na nimeona niandike kwa sababu kwa mdomo huwa inanitoka vibaya. Namshukuru binti kwa kuwa na shingo ngumu mbele yangu, jambo ambalo mabenki hayakuliweza. Namshukuru shemeji kwa sababu nilikuwa nikitangaza mjini kwamba Ihanja inanizidishia wateja kwa ajili ya jina langu, kumbe ni kwa ajili ya kamba zake za bluu. Nilimpandisha mshahara bila kuombwa, na ameendelea kunitukana kama zamani. Namshukuru hata yule mama, ambaye mvua zilipokuja alinitumia kikapu cha viazi vitamu bila salamu yoyote.

Ila lori lilikuwa linakuja, na nusu ya fedha za Arusha nilishazila. Ijumaa yote nilizunguka. Nilichota mashudu yote ya mjini, nikaenda mpaka Ulemo kutafuta mengine, na mwisho nikavuka barabara ya Ihanja kwa miguu yangu, nikamwamkia yule mshindani wangu, nikanunua kwake yaliyobaki kwa bei aliyotaka yeye, huku akinikaribisha chai ili nikae aniangalie vizuri. Jumamosi lori likajaa, na kamba ya bluu haikupanda hata moja. Nikichukua alichonilipa mtu wa Arusha kwa magunia niliyoyanunua, nikatoa bei yake, mafuta ya pikapu na vibarua, hasara yangu ilikuwa shilingi laki nne, elfu kumi na mbili na mia tano.