Mbuzi wa Mshauri wa Wanafunzi

Chuo kikuu mimi nilikijua kwanza kwa pua. Wenzangu watakusimulia maghorofa, sijui maktaba, sijui miti imepandwa mistari. Mimi nasimulia harufu. Lakini ngojeni nianzie nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa ilikuwaje mtu mzima na akili zangu nikasafirisha mbuzi kwa treni.

Shemeji yangu, mdogo wake babu yenu, ndiye wa kwanza kwetu Mwamapalala kwenda chuo kikuu. Enzi hizo serikali ndiyo ilikuwa mama, ndiyo ilikuwa baba. Kijana alitoka hapa mwembamba kama mpini wa jembe, akarudi likizo ana mashavu haya, shingo ina mikunjo. Mimi nilikuwa bado bi harusi, nasaga mtama, yeye amekaa kwenye kigoda ananisimulia. Kule shuka wanafuliwa. Kitanda cha peke yako. Jumapili kuku. Na ukiumwa, kuna mzee anaitwa Mshauri wa Wanafunzi, anakuja mpaka kitandani kukuuliza umekula nini.

"Huyo mzee ni wa ukoo gani?" nikamwuliza.

"Si mambo ya ukoo, shemeji. Ni kazi yake."

"Analipwa awe baba wa watoto wa watu?"

"Analipwa."

Nilicheka mpaka unga ukamwagika. Lakini yule mzee nilimpenda bila kumwona. Shemeji alisema siku moja wanafunzi walikataa wali kwa sababu ulikuwa na mawe. Mshauri akaja, akakaa nao mezani, akautafuna huohuo, akatema, akamwita mpishi wamalizane palepale. Basi. Hakufukuzwa mtu. Nikajisemea, huyo ni mzee kama wazee wetu.

Hapo ndipo tulipodanganyika.

Miaka ikaenda, shemeji akapata kazi ofisini Bariadi mjini, mimi nikazaa, nikalea. Ikaja ile miaka ya ruksa. Madukani vitu vikajaa, mitumba ikaja, sabuni za kunukia zikaja, pamba yetu ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye mizani zao wenyewe zinazojua kudanganya. Na serikali ikaanza wimbo wa kila mtu achangie. Ndiyo miaka hiyohiyo binti yangu, kitinda mimba, akachaguliwa kwenda kwenye chuo kilekile cha baba yake mdogo. Tulicheza ngoma mpaka uwanja ukachimbika.

Likizo ya kwanza akarudi shingo imekuwa uzi.

"Mama, siku hizi chuo hakipiki. Kupika kapewa mzabuni."

"Mzabuni ndiyo nani?"

"Mfanyabiashara. Anapika anavyotaka, anauza anavyotaka."

"Na Mshauri anasema nini?"

"Mshauri ni rafiki yake."

Kitandani walikuwa wanalala wawili, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, unaamka na kisigino cha mwenzio mdomoni. Wao wanaita kubebana. Nilimwambia shemeji, akakataa kabisa. "Watoto wa siku hizi wanapenda kulalamika," akasema. "Chuo kile nakijua mimi."

Basi siku moja, watu tuko shambani tunavuna pamba, namwona binti anakuja na sanduku kichwani, na si likizo. Nikamkalisha, nikampa maziwa mgando, ndipo akasema.

Maharage ya mzabuni yalikuwa na funza. Si mmoja wa bahati mbaya, ni funza wa kuogelea. Wenzake wakapiga kelele, wakagonga sahani. Huyu wangu hakupiga kelele. Alichukua sahani yake, akatembea nayo mpaka ofisi ya Mshauri, akapiga magoti kama tunavyowafundisha mabinti hapa Usukumani, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Akasema, "Shikamoo, baba. Karibu ule."

Mshauri akawaka. Kadharauliwa, kadhalilishwa mbele ya wageni. Akamwambia arudi kwao, asikanyage chuo mpaka aje na mzazi, na kikao kitaamua kama anafukuzwa ama vipi.

Babu yenu akasema, "Mtoto kawakosea wazee. Apelekewe mbuzi."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akiwatukana wazee, mzazi hapeleki maneno, anapeleka mbuzi. Anachinjwa, wazee wanakula, na yule mkosaji anakula nao sahani moja. Mkishakula, kesi imeliwa. Atakayeifungua tena, yeye ndiye anayetozwa mbuzi, awe mkubwa namna gani. Na shemeji, msomi wetu, akaunga mkono. "Mshauri ni mtu wa utu. Mpelekeeni, ataelewa."

Babu yenu mguu ulikuwa umevimba, hauingii kwenye kiatu. Nikaenda mimi na binti na beberu mweusi mwenye kidoti cheupe usoni, mzuri huyo, hana kovu. Tukapanda lori la pamba mpaka Malampaka, tukangoja treni. Mkaguzi wa behewa akaniangalia.

"Mama, huyo naye ana tiketi?"

"Huyu haendi kutembea, baba. Ana kesi."

Akacheka, akamfunga behewa la mizigo. Njia nzima kila kituo nateremka kumpelekea majani, watu wananiita mama mbuzi. Mimi nafurahi tu. Najua naenda kuyamaliza.

Sasa tumefika. Binti akanipeleka kwanza bwenini kwao ninawe uso. Wanangu! Ghorofa lile kwa nje lina rangi, ndani linanuka kama zizi lililosahaulika masika. Maji hayapandi juu. Choo kimejaa mpaka pale unapokanyaga, wamepanga matofali wanaruka toka tofali hili mpaka lile, mabinti wa watu, wameshika vitabu. Nzi wa kijani. Nikafungua mlango mmoja nikaufunga nimeshika mdomo. Kwetu kijijini hata asiye na kitu anachimba shimo, anaweka majivu, anafunika. Nikamwuliza mwanangu, "Huyo Mshauri amewahi kupanda huku?" Akasema tangu afike hajamwona. Nikakosa hamu ya kunawa. Nikatoka na vumbi langu la treni usoni, angalau hilo nalijua limetoka wapi.

Ofisini kwake kulikuwa na zulia. Si yule mzee wa shemeji, ni mwanamume mwingine mweupe mweupe, vidole vimejaa pete, na kwenye kochi kakaa mwingine ana tumbo limemtangulia. Ndiye mzabuni, binti akaninong'oneza. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikaeleza yote: mtoto kakosea, nimekuja kama mzazi, mbuzi yuko nje, naomba muite wazee wenzenu tule na mtoto yaishe.

Wakatazamana. Mzabuni akacheka mpaka kochi likalia.

"Msukuma huyu! Kaja na mbuzi kabisa!"

"Kanona?" Mshauri akauliza.

"Kanona, baba."

"Tumepokea, mama. Mambo yameisha. Kakae pale kwenye benchi."

Mambo yameisha. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Beberu akakokotwa kwenda jikoni kwa mzabuni, sisi tukakaa kwenye benchi kungoja kuitwa. Tukakaa. Baadaye harufu ya nyama choma ikaja, mate yakatutoka, nikamwambia binti nyoosha kitenge, tunaitwa sasa hivi. Hatuitwi. Nikainuka nikachungulia dirishani. Wako ndani, Mshauri, mzabuni na wakubwa wengine, mafuta yanawashuka mpaka viwikoni, chupa mezani, mmoja analamba mfupa macho kafumba. Mtoto wangu yuko nje na njaa.

Mshauri akatoka anachokonoa meno.

"Mama, kikao kimekaa. Binti anasimamishwa mwaka mzima."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Baba, umekula."

"Nimekula, asante. Mbuzi mzuri. Lakini chakula ni chakula na sheria ni sheria."

"Umekula mbuzi wa kesi halafu unafungua kesi?"

"Mama, hapa ni chuo kikuu, siyo Bariadi."

Nilisikia kichefuchefu, kweli kabisa, kikapanda mpaka hapa. Kuliko kile choo. Choo kile kilikuwa kinyesi cha watu wasio na maji. Huyu alikuwa na maji, na zulia, na sabuni.

Sikurusha mkono. Nikakaa chini palepale mlangoni, miguu nimenyoosha, nikaanza kusema kwa sauti. Kisukuma, Kiswahili, yote. Kila mwanafunzi anayepita namwambia: mzee wenu kala mbuzi wa suluhu peke yake, mtoto hakupewa hata utumbo, na kesi kaifungua mdomo bado una mafuta. Wasiojua wakacheka. Lakini pale walikuwepo watoto wa kwetu, wa Maswa, wa Shinyanga, hao hawakucheka. Kijana mmoja mrefu akauliza, "Mayu, mama yetu, kala kweli?" Nikamwambia, "Kamnuse." Wakaanza kuitana. Mara uwanja ukajaa, hata wa makabila mengine, wakaanza kuimba:

"Mshauri, mtapike! Mshauri, mtapike!"

Yule kijana mrefu akabeba kopo la kutapikia akaliweka mlangoni. Mzabuni akatokea dirisha la nyuma, tumbo likakwama, wakamvuta kama wanamzalisha. Nilicheka mpaka machozi, msiniulize.

Wakubwa waliogopa mgomo. Mshauri akatoka, jasho linamtiririka, sauti imekuwa ya asali. Binti atarudi darasani leo hii, akasema, ilimradi atamke mbele ya wote kwamba maharage hayakuwa na funza, na mimi nipeane naye mkono watu waone tumepatana.

Binti akaniangalia. "Mama, walikuwepo," akasema. "Niliwaona."

"Najua walikuwepo."

"Nisemeje sasa?"

Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Nilifikiria baba yake na ule mguu, nikafikiria mwaka mzima, maana binti wa miaka ile akikaa nyumbani mwaka mzima ng'ombe za mahari zinafika kabla ya mwaka kwisha, na chuo ndiyo basi. Nikamwambia, "Sema, ng'wanone, mwanangu. Sema usome."

Akasema. Alisema akiangalia chini, sauti haitoki, wakamrudisha aseme tena. Wale waliokuwa wanaimba wakanyamaza, wengine wakaondoka. Kijana mrefu alichukua kopo lake akaenda zake bila kuniaga. Kisha Mshauri akaninyooshea mkono. Nikaushika. Ulikuwa wa moto, laini, unateleza, mafuta ya beberu wangu yameganda katikati ya vidole vyake, na akanibana hasa, anatabasamu kwa ajili ya watu.

Alimaliza masomo, ndiyo. Ni mwalimu leo, mnamjua. Hilo la maharage hatujaliongea mpaka kesho.

Nilimwacha darasani nikashika njia ya kutokea. Pembeni ya geti palikuwa na mchanga, nikainama, nikachota, nikausugua ule mkono, mbele na nyuma, nikachota tena. Askari akanishangaa.

"Mama, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga. Nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Mshauri wenu," nikamwambia, nikaendelea kusugua.