Birika Kwenye Sinki la Mtihani

Wasomaji wa blogu yangu hupenda kunisifu kwa mambo ambayo si mimi niliyeyaanzisha. Nikiweka picha ya jikoni kwangu, hakosi mtu wa kuniandikia kwamba nina jicho la mpangilio na bila shaka nilisomea. Ni kweli nilisomea. Nilisoma sayansi kimu katika chuo kimoja hapa Machakos, mwishoni mwa miaka ya tisini, na nusura nianguke kwa sababu ya maji.

Mimi ni mtoto wa kijijini, huko Mwala. Kwetu, wakati wa kiangazi, maji yalitoka kwenye visima vya mchangani, vile vya kuchimba kwa mikono katikati ya mto mkavu na kusubiri yajae. Mama aliondoka na punda alfajiri, mitungi minne, akarudi jua likiwa limefika utosini. Basi maji yakifika nyumbani hayakufanya kazi moja tu. Yaliyoosha mboga yalisuuza sufuria, na yaliyosuuza sufuria yakadeki nyumba. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ulimwaga hovyo, ukatazamwa, ukajua.

Halafu nikaingia chuoni nikakuta bomba. Jiko la mafunzo lilikuwa na masinki sita yanayong'aa, na mwalimu wetu, mwanamke mrefu ambaye aproni yake ilitiwa wanga hadi ikakaribia kusimama yenyewe, alikuwa na amri moja iliyozidi zote: kila kitu kioshwe kwa maji yanayotiririka. Wenzangu walifungua bomba wakaliacha hivyo hivyo huku wakimenya viazi na kupiga stori. Mimi mkono ulikataa. Sheria niliielewa vizuri sana. Lakini nikisikia tu maji yanavyokwenda bure, nilikuwa naona mgongo wa mama, na nilikasirika. Niliwakasirikia wasichana ambao hawakuwa wamenikosea chochote.

Siku ya mtihani wa majaribio, tulipotakiwa kumpikia mgonjwa anayepata nafuu, nikafanya kama nyumbani. Nilijaza karai moja nikaliweka pembeni, nikaendelea na kazi. Mwalimu alikuja, akalitazama lile karai, akawaita wenzangu wote.

"Muangalie hii maji," alisema. "Ameosha nyanya hapa, ameosha kisu hapa, sasa anataka kuosha sahani. Mgonjwa akikula hii chakula atapona kweli?"

Walicheka. Kwenye usafi nikapewa sifuri. Walipotawanyika, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, na hapo ndipo iliponiuma zaidi, kwa sababu hakuwa akinidhihaki.

"Ukiendelea hivi utaanguka mtihani wenyewe. Na ukianguka vitendo hakuna cheti, hata kama nadharia umepita yote. Hapa si kijijini."

Ulikuwa umebaki muhula mmoja. Kwetu hakuna aliyewahi kupata cheti chochote zaidi ya kile cha ubatizo, na kijiji kizima kilijua niko chuoni nasomea nini. Nilianza kufanya mazoezi ya kuacha bomba wazi. Niliweza kwa muda mfupi, kisha nikalifunga na kujichukia pande zote mbili: kwa kulifungua na kwa kulifunga.

Nilimwambia rafiki yangu kwamba naacha chuo. Yeye alikuwa msichana wa mjini, wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani na kufungua duka la vitambaa karibu na soko. Hakunibembeleza. Alinipeleka kwao kula chakula cha mchana. Tukiwa jikoni tukipakua pilau, shangazi yake alitoka kwenda uani na birika la plastiki ili atawadhe kabla ya kuswali. Nilimwona kupitia mlangoni. Viganja, mdomo, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, mwisho miguu. Maji yalitoka kwenye mdomo wa birika membamba kama uzi, na alipomaliza, birika lilikuwa bado lina kitu ndani.

"Ni hayo tu?" nilimuuliza rafiki yangu.

"Ni hayo tu. Na si yanatiririka?" alisema. "Kuna mahali umemwona akichovya mkono?"

Pilau yangu ilipoa nikiwa nacheka peke yangu. Mwalimu alikuwa na haki, lazima niseme. Kuchovya kisu kwenye maji ya nyanya ni uchafu, uwe Mwala au uwe wapi. Lakini kosa langu lilikuwa kuchovya. Kuyatunza maji halikuwa kosa.

Siku ya mtihani wenyewe nilikuja na birika la kuazima. Tulipoandika mpangilio wa kazi, ile karatasi inayoonyesha hatua moja moja na muda wake, niliandika pia maji ya kila hatua yanakwenda wapi baadaye. Mtahini alikuwa mama mmoja mgeni, mwenye miwani na asiye na haraka. Alisimama kwenye sinki langu.

"Bomba iko na shida?"

"Hapana, Madam. Bomba iko sawa. Ni mimi naona vibaya kuiacha wazi."

Nyuma yake, mwalimu wetu alifumba macho. Mtahini alisoma karatasi yangu, akanitazama nikimiminia nyanya maji, beseni likiyapokea chini, akapitisha kidole kwenye sahani yangu. Kisha akaandika kwa muda mrefu mno. Niliogopa hadi supu nikaitia chumvi kwa mkono wa kushoto.

Nilipita, katikati ya darasa, si juu wala chini. Mwalimu alinikuta kwenye ubao wa matokeo akaniambia nimepata alama zote za usafi. Aliondoka hatua mbili, akarudi. "Hiyo birika inauzwa wapi?" aliuliza.

Nilienda nyumbani na nakala ya kaboni ya ule mpangilio wa kazi. Mama hakujua kusoma. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiambua kunde, nami nikamsomea kwa Kikamba, mstari kwa mstari, maji ya kila hatua yanakwenda wapi. Aliacha kuambua.

"Wamekubali hiyo?" aliuliza. "Waalimu?"

"Wamekubali, mama. Wamenipa alama zote."

Akaniambia nisome tena polepole. Nikasoma. Nilipofika katikati, alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Hapo umekosea. Unasuuza mwiko kwanza, ndipo sufuria. Ukirudi uwaambie."

Nikamwahidi nitawaambia. Kozi ilikuwa imeisha na chuoni sikurudi tena, kwa hiyo nawaambia ninyi.