Nani Anaangalia Chupa?

Enzi zetu pale Tunduma, likizo ya mwezi wa sita ilikuwa na harufu yake: vumbi, moshi wa malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka, na karanga zinazochemka na maganda yake kwa kila jirani. Baridi ilikuwa ya kukunja vidole. Ngozi ilipauka hadi ungeweza kuandika jina lako kwenye ugoko kwa ukucha, na bado hakuna mtoto aliyekubali kukaa ndani. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Hawa wa leo baridi ikiwapiga kidogo wanaingia chini ya blanketi na simu zao, ukiwauliza wanakwambia wanacheza.

Sisi tulicheza rede. Mpira wetu ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara. Wasichana wawili wa timu moja walisimama huku na huku, kila mmoja nyuma ya mstari wake, wakirushiana mpira ili wamlenge msichana wa timu nyingine aliyekuwa katikati. Yeye kazi yake ilikuwa kukwepa na kujaza mchanga kwenye chupa ya soda. Chupa ikijaa hadi mdomoni alipaza sauti, "Rede!" na timu yake imepata. Mpira ukimgusa kabla hajasema, amekufa, anaingia mwenzake. Raha yake usiniulize. Tulirudi nyumbani na mchanga masikioni.

Mtaa wa juu na mtaa wa chini tulikutana kwenye uwanja wa kanisa, na kwa kuwa kila mechi ilikuwa na kesi, tukaweka waamuzi watatu. Mimi Sekela nilitoka mtaa wa juu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mzito. Nikiingia katikati nakufa kabla sijainama kuchota mchanga. Atupele alitoka mtaa wa chini. Wa tatu alikuwa Mwape kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka kila asubuhi na mama yake kama mtu anayevuka uchochoro. Mama zetu wote watatu waliuza mchele sokoni, meza zao zikifuatana. Atupele alisimama kwenye mstari wa upande wa barabara, Mwape kwenye mstari wa upande wa kanisa, na mimi katikati, karibu na chupa.

Siku ya kwanza tulitia aibu. Mpira ulirushwa vibaya, ukavuka barabara na kuingia chini ya lori. Nasi waamuzi, kwa uhodari wetu, tukaufuata wote watatu! Tuliporudi tukijipangusa vumbi tulikuta nywele zinavutwa. Mtaa wa juu walisema chupa imejaa. Mtaa wa chini walisema haikufika hata shingoni na sasa imemwagwa. Wote wakatugeukia sisi, na sisi tulichokuwa tumekiona ni tairi.

Mzee wa kanisa aliyepiga kengele, sisi tukimwita Babu Kengele, alitoka na fimbo yake. Hakuchapa mtu, ila maneno yake yaliuma zaidi.

"Nikisikia ugomvi mwingine hapa, hata mmoja, uwanja nawapa wavulana na mpira wao wa miguu. Nyie mtachezea jikoni kwa mama zenu."

Wavulana walikuwa wamekaa ukutani wakisikiliza, wanachekelea hadi magego yanaonekana. Uwanja ule ndio pekee tuliokuwa nao. Kwingine kote kulikuwa na malori, maduka au mashamba ya watu. Ukichukuliwa, likizo imekwisha na rede imekwisha.

Nilimweleza mama sokoni huku machozi yananitoka, Atupele na Mwape wakiwa nyuma yangu. Mama alitoka milima ya Ileje, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema, "Nyamaza, utazame meza."

Nikatazama. Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, aliitwa na mteja kule kwenye malori. "Naenda!" akasema, akaondoka na debe kichwani. Mama, aliyekuwa meza ya katikati, hakungoja kuambiwa. "Nashika!" akasogea kwenye meza ya Bana Mwape, ambako wateja wengine walikuwa wanasubiri. Na Mama Atupele akaacha meza yake ya pembeni. "Nakuja!" akasimama katikati. Hakuna punje iliyopotea.

"Na meza ya Mama Atupele?" nikauliza.

"Ina mteja?"

"Haina."

"Meza isiyo na mteja haihitaji muuzaji. Nyie mlikwenda watatu kwa mteja mmoja."

Bana Mwape aliporudi na kusimuliwa, alicheka hadi akaegemea gunia. "Mwamona, mwe bana? Mmeona, watoto? Kumbe sisi ndio marefa!" Akatukatia kila mmoja kipande cha chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga wa Nakonde wenye pilipili ya kutoa kamasi, nasi tukaenda kufanya mazoezi nyuma ya soko bila mpira wala chupa. Watu walitushangaa: wasichana watatu wanakimbizana wakipiga kelele "Naenda! Nashika! Nakuja!"

Jumamosi ya mwisho wa likizo mitaa yote miwili ilijaa uwanjani. Babu Kengele aliketi kwenye ngazi za kanisa, fimbo magotini. Wavulana walikuja na mpira wao kabisa, wakaukalia.

Mechi ilikwenda hadi akabaki Tabitha wa mtaa wetu, mwembamba, mwepesi, mtu wa kukwepa hata upepo. Chupa ikijaa tumeshinda, akiguswa tumeshindwa. Basi Rehema, mrushaji wa mtaa wa chini, akashindwa kuudaka mpira, ukapita mstari wake ukielekea barabarani. Rehema akaukimbilia. Tabitha akaanza kuchota mchanga kwa mikono miwili.

"Naenda!" Atupele akamfuata Rehema, maana mpira ukiokotwa na mpita njia hauhesabiwi.

"Nashika!" Nikaiacha chupa, nikakimbilia mstari wa Rehema.

Nyuma yangu nikasikia, "Nakuja!" Sikugeuka. Nawaambia kweli, kutogeuka kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, kwa sababu kelele zote zilikuwa kwenye chupa. Nilikodolea macho miguu ya Rehema. Akaja mbio, akafunga breki, vidole vikasimama nyuma ya mstari, akarusha. Roho yangu ilitamani angekanyaga hata kwa ukucha. Hakukanyaga.

Nyuma vikasikika kishindo cha mpira na neno "Rede!" kwa pamoja, kisha uwanja mzima ukatugeukia sisi.

"Mpira kauokota mwenyewe," Atupele akasema, akihema.

"Mstari ni safi," nikasema. Wenzangu wa mtaa wa juu walinitazama kama nimeuza nyumba yao.

Mwape alikuwa amepiga magoti, pua karibu na chupa. "Chupa imejaa," akasema, na mtaa wetu ukaruka juu. Akainua mkono. "Lakini mpira umemgusa mgongoni kwanza. Neno limefuata."

Nilimwona Babu Kengele akishika fimbo. Nikawaona wavulana wakianza kusimama. Watu wote walimgeukia Tabitha. Akakung'uta mikono, akajipapasa mgongo, akaangua kicheko. "Mmenibana kila upande, jamani! Basi, nimekufa."

Mitaa miwili ikacheka. Rehema akamkumbatia, mtu akaanzisha wimbo, na wavulana wakachukua mpira wao wakaondoka wakiuburuza. Babu Kengele aliingia ndani na fimbo yake. Jioni nilimweleza mama kwamba mtaa wetu umeshindwa, akasema, "Mmekosa chupa, mmepata uwanja," akanipa ukoko wa wali.

Siku hizi pale uwanjani pana maduka. Wajukuu zangu nilipowasimulia waliniuliza kwa nini hatukurekodi tukarudisha nyuma. Nikawaambia VAR yetu ilikuwa Mwape, na haikuwahi kuishiwa chaji.

Mama Atupele na Bana Mwape wameshatangulia. Amebaki mama yangu, miguu imegoma, na sisi watatu, sasa bibi za watu, ndio tunaomtunza kwa zamu. Juzi nilipata safari ya Vwawa. Niliandika kwenye simu, "Naenda." Kabla sijafunga begi Atupele alijibu, "Nashika," na Mwape kutoka ng'ambo, "Nakuja."

Nilipomuaga mama, alikuwa ameketi kibarazani na shuka lake mabegani, anaota jua.

"Mmepangana?" akauliza.

"Tumepangana, mama."

"Na chupa," akajionyesha kifuani, "nani anaiangalia?"

"Mwape."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Huyo sawa. Wewe nenda, wala usigeuke."